Hata moshi haitoi: pawatila iliyolala kibandani miezi 14

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mkulima wa mpunga, nipo Mtambile, Pemba. Baba yetu ana pawatila ya dizeli ya silinda moja, kibati cha injini kimeandikwa S195. Tangu aanze kuugua miguu haijawashwa, sasa ni miezi 14, imo kibandani nyuma ya nyumba. Wiki iliyopita mimi na kaka yangu tumezungusha hendeli mpaka viganja vimetoka malengelenge. Tusipoinua kile kijikono cha juu, hendeli haiendi, ni nzito mno. Tukikiinua inazunguka vizuri. Tukikiachia inagoma, na hata moshi haitoi. Fundi aliyekuja kuiangalia amesema pampu na nozeli zimekufa na injini ifunguliwe yote. Pesa aliyotaja hatuna. Masika yanakaribia. Je, tufungue? Na dizeli iliyomo kwenye tangi bado yafaa? Tena naambiwa kuwasha mashine hii si kazi ya mwanamke. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mpe baba pole, mwambie mashine yake nadhani ni nzima.

Msifungue injini. Simvunjii heshima fundi mwenzangu, huenda kaona jambo ambalo mimi nikiwa huku Unguja silioni. Lakini katika maelezo yako mna maneno mawili ambayo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko spana: hendeli ni nzito, na moshi hautoki.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka inabaki kama sehemu moja ya ishirini ya ilivyokuwa, na hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa nyuzi zaidi ya 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, ikashika yenyewe. Kwa hiyo mashine hii yataka vitu viwili tu ili iwake: kompresheni na mafuta yafike kwa wakati wake. Uzito wa hendeli ndiyo kompresheni yenyewe. Ringi zingekuwa zimelegea, au vali imeshika kutu ikabaki wazi, ungeizungusha hata bila ya kuinua kijikono, kile kinachoizuia vali isifunge. Na kama dizeli ingekuwa inaingia lakini haiwaki, lazima ungeona moshi mweupe, wenye harufu kali inayochoma macho. Yako haitoi chochote. Basi ugonjwa uko baina ya tangi na nozeli, na njia hiyo yote iko nje ya injini. Unaifikia kwa spana tatu nne na ndoo.

Kwanza niondolee wasiwasi mmoja. Nimesema uzito ni dalili njema, lakini uzito upo wa namna mbili. Shusha kijikono, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, taratibu kwa mikono. Ikikaza halafu ikakusukuma nyuma kama godoro la springi, hiyo ni hewa, alhamdulillahi. Ikigonga na kusimama ghafla kama umefika ukutani, usilazimishe. Hayo yaweza kuwa maji yaliyoingia kwa bomba la moshi mvua iliponyesha, na maji hayabaniki kama hewa. Ukilazimisha utapinda koni rodi, ule mkono unaoishika pistoni. Hapo utafungua nati zinazoshika nozeli, uitoe, uzungushe polepole huku uso wako ukiwa mbali na tundu, maji yatoke. Banda lenu kama ni la makuti yaliyochoka, hili liangalie kabla ya jambo jingine lolote.

Tuje kwenye mafuta. Dizeli iliyomo tangini isitumike.

Baba aliiacha, nadhani, na tangi nusu. Ile nusu ya juu ni hewa, na hewa yetu ya kisiwani ina unyevunyevu mwaka mzima. Mchana bati linapata joto, usiku linapoa, na kila likipoa matone yanajikusanya kwenye kuta za tangi kwa ndani, yanatiririka chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, pale pale penye koki ya kutokea. Miezi 14 ya matone si kidogo. Na pale dizeli inapokutana na maji huota utelezi mweusi, kama ule wa kwenye mtungi usiosuguliwa, ukaenda kuziba filta.

Chukua chupa nyeupe ya maji ya kunywa, chomoa paipu chini ya koki, kinga. Ijaze, uiache juu ya meza usiku mmoja. Asubuhi utaona mwenyewe mstari: juu dizeli, chini maji, katikati uchafu. Mimi huwafanyisha hivi wanafunzi wangu wote kwa sababu mtu akishauona ule mstari, habari ya maji haisahau tena. Kisha mwaga tangi lote ndani ya ndoo, lifungue, lioshe kwa dizeli safi kidogo mara mbili tatu, ulipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie maji wala sabuni. Hiyo dizeli chafu itafaa kuoshea nati na vyuma. Usiitie kwenye taa wala jiko, na usiimwage karibu na kisima wala bondeni.

Wengi kwetu hununua dizeli ya dumu na kuichuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Si vibaya, mchanga utabaki. Lakini maji hupita kwenye kanga. Dawa ya maji ni kuliacha dumu litulie mahala pamoja siku nzima, kisha uchote ya juu na usiinamishe mpaka tone la mwisho. Ile ya chini ibakie dumuni.

Baada ya tangi, filta. Ifungue, kikombe chake kioshe, na kile cha karatasi ndani kama kimekuwa cheusi na chenye utelezi, kibadilishe. Usikioshe ukakirudisha, ni kitu cha bei ndogo, na karatasi iliyolowa maji hupasuka bila ya wewe kujua, ukaupeleka uchafu pampuni. Pampu ya dizeli haisamehe uchafu. Ndani yake mna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya bomba lake, na nafasi kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Chembe ya mchanga kwako wewe ni vumbi, kwa pampu ni jiwe.

Sasa mkono wa mafuta, ule unaosukumia moto. Usukume mpaka mwisho uone kama unakwenda na kurudi kwa ulaini. Mashine iliyolala muda mrefu, dizeli iliyobaki pampuni hugeuka gundi na kile kijiti hukwama mahala pa "zima". Nimeshaziona nyingi zilizohukumiwa kufa kwa sababu hii tu. Ukikuta hauendi, chomoa paipu ya kuingilia pampuni, tia dizeli safi, iache ikae usiku kucha, asubuhi uutikise mkono kidogo kidogo kwa vidole. Usigonge kwa nyundo. Na mtu yeyote akikwambia akisugue kile kijiti kwa msasa, mnyang'anye mashine yako.

Umeshatia dizeli safi, bado haitawaka, kwa sababu njia yote sasa imejaa upepo. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, wakaamini kuwa pampu imekufa kweli. Pampu husukuma dizeli kwa sababu dizeli haibaniki. Hewa hubanika, basi pampu inabana na kuachia povu lile lile na nozeli haifunguki. Upepo lazima utolewe kwa mkono.

Fungua koki ya tangi. Tangi la S195 liko juu, dizeli inateremka yenyewe. Legeza nati ya paipu inayoingia kwenye pampu, kinga kikopo. Mwanzo itatoka na mapovu, iache. Ikitiririka bila ya povu hata moja, kaza. Halafu nenda kwenye ile paipu nyembamba ya chuma inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Legeza nati ya upande wa nozeli, mzunguko mmoja unatosha. Mkono wa mafuta uweke juu, kijikono kiinuliwe, kaka yako azungushe hendeli. Utaona mapovu, kisha itatema dizeli kwa vishindo, fu, fu, fu. Kaza.

Endelea kuzungusha, na sasa tega sikio. Kila mzunguko wa pili wa krenki, yaani shafti kuu ya injini, nozeli itatoa sauti fupi ya kukwaruza, kama mlango wenye bawaba kavu. Fundi mzee aliyenifundisha mimi kazi alikuwa akiisikiliza hiyo kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye nozeli na mpini kwenye fupa la sikio. Ukiisikia, pampu yako nzima na nozeli inapiga. Mengi yatakuwa yamekwisha. Usipoisikia baada ya kutoa upepo mara mbili tatu, ndipo tuanze kuishuku nozeli, na si kabla.

Hapa nina onyo, tafadhali usilipite haraka. Nozeli za mashine hizi hufunguka kwenye nguvu ya karibu bar 120 hadi 130. Dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Usijaribu nozeli kwa kuielekeza kiganjani, ingawa utawaona mafundi wanafanya. Mtu akichomwa, kidonda chaonekana kidogo kama kimeumwa na mdudu, na ndani nyama inakufa. Aende hospitali saa hiyo hiyo aseme ni dizeli iliyoingia kwa nguvu, asingoje mpaka mkono uvimbe.

Ikiwa nozeli haipigi, ifungue, uifunge ndani ya mfuko safi wa plastiki, uipeleke peke yake mjini Chake kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia nozeli. Asafishe, aipime, aone inanyunyiza kama ukungu au inadondosha matone. Kubadilisha ncha ya nozeli ni gharama ndogo kabisa ukilinganisha na kufungua injini. Pampu iache mahala pake mpaka nozeli ishahukumiwa.

Kabla hamjawasha, kuna mambo matatu yaliyolala pamoja na mashine. Oili: chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage yote. Hata kama ni nyeusi tu, mimi ningeimwaga. Tia oili ya injini za dizeli, namba 40 au 15W-40, kwa joto letu zote zafaa. Halafu zungusha hendeli mara 30 hivi, kijikono kikiwa juu na mkono wa mafuta ukiwa kwenye "zima", ili oili ipande kabla ya moto. Filta ya hewa: kama ni ile yenye bakuli la oili chini, mwaga, maana humo ndani kwa kawaida utakuta maji na wadudu, osha kwa dizeli, tia oili mpya mpaka kwenye alama, usipitishe. Maji ya kupoozea: angalia yamo. Mashine hii haina rejeta kama ya gari, maji yake yanachemka na kupaa, hiyo ni kawaida yake, usishtuke ukiona mvuke. Kile kijiti chenye kichwa chekundu kikizama, ongeza. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima chenye chumvi yanaacha magamba ndani, silinda ikakosa kupoa. Na yakikauka kabisa mashine ikiwa moto, zima, ngoja ipoe. Maji baridi juu ya chuma kilichoungua hupasua silinda hedi.

Sasa suala lako la mwisho, ambalo naona ndilo limekuuma. Si kweli. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakishindwa kuiwasha S195, na nimewaona akinamama wa mabondeni wakiiwasha kwa mara moja. Hakuna mwanamume atakayeishinda kompresheni ya silinda ya milimita 95 kwa nguvu za mkono peke yake (hizo ndizo namba za kibati: 1 ni silinda moja, 95 ni upana wake). Kijikono kile kimewekwa kwa sababu hiyo. Kinaizuia vali isifunge, hewa ikatoka, na wewe unapata nafasi ya kuipa flaiwili mwendo. Flaiwili ndiyo yenye nguvu, ile ni chuma kizito. Kazi yako ni kuipa kasi.

Kwa maelezo yako nahisi mnaachia kijikono mapema. Weka mkono wa mafuta katikati. Mkono wa kushoto uinue kijikono, wa kulia uzungushe, pole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mizunguko kama sita saba. Ukiona flaiwili sasa inakuvuta wewe, achia kijikono lakini usiache kuzungusha. Itapiga mara moja, mbili, itashika, na hendeli itateleza yenyewe na kutoka. Usiiachie kabla haijatoka. Na kidole gumba usikizungushie hendeli. Kiweke upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirusha nyuma, gumba lililozunguka ndilo huvunjika.

Nguo, mwanangu. Kanga, mtandio na baibui havifai karibu na flaiwili na mikanda. Vaa suruali chini, nguo uifunge kwa nyuma, ushungi uingize ndani ya shingo ya nguo. Kinga ya mikanda kama imetolewa, irudisheni kabla ya kuwasha. Na itoeni nje ya banda. Moshi wake unaua mahala pasipo na upepo.

Ikiwaka, moshi mweupe dakika za mwanzo usikutishe. Mweusi ukizidi wakati inalima, angalia filta ya hewa, au inabeba mzigo kuliko uwezo wake. Injini hii ni ya nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika, haitakuwa trekta kubwa hata ukiipigia kelele. Wa buluu usioisha, inakula oili, na hapo ndipo habari ya ringi inakuja. Ikiwaka halafu ikawa inapanda mbio yenyewe hata ukiirudisha mafuta, inua kijikono na uzibe mdomo wa filta ya hewa kwa ubao au gunia lililokunjwa, usitumie kiganja. Mwoneshe kaka hili kabla, maana wakati ule hakuna wa kufikiri.

Na ikiwaka vizuri kisha ikazima baada ya dakika kumi, fungua kifuniko cha tangi. Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo Wete, nikiwa bado kijana kazini. Niliifungua mpaka kwenye pistoni, siku tatu, na mwenyewe alikuwa na bonde la kulimwa na watu aliokwisha kuwalipa. Kosa lilikuwa kwenye kitundu cha pumzi cha kifuniko cha tangi: nyigu alikijaza udongo. Hewa haiingii, dizeli haiteremki. Mwenye mashine yule hakunisema kitu. Zile siku tatu za msimu wake bado zinaniuma, na ndiyo sababu leo nakuandikia kurasa hizi zote kabla mtu hajagusa bolti ya hedi.

Ikishatembea wiki moja, pimeni tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya kila vali, injini ikiwa baridi. Kwa S195 vali ya kuingiza hewa ni milimita 0.35, ya kutoa moshi 0.45. Gia boksi nayo, legezeni nati ya chini kidogo: yakitangulia kutoka maji, sili za ekseli zimepitisha maji ya bondeni. Mikanda ikandamize kwa gumba. Ikizama sentimita moja na nusu hivi, yatosha.

Msimu ukiisha, msiilaze kama ilivyolazwa. Jazeni tangi mpaka juu, hewa isipate nafasi ya kutoa jasho. Mwageni maji ya kupoozea. Shusheni kijikono, zungusheni flaiwili taratibu mpaka pale inapokaza zaidi, muiache hapo hapo: ndipo vali zote mbili zimefunga, na hewa ya baharini haiingii ndani ya silinda. Bomba la moshi lifunikwe kwa kopo. Vyuma vilivyo wazi vipakwe grisi. Na kila mwezi, mtu mmoja aende kibandani aizungushe mara ishirini, airudishe pale pale inapokaza.

Leo anza na ile chupa nyeupe. Kesho asubuhi, ukiuona mstari, niandikie umekaa wapi.